Tundu la Pili

Fundi Zokir, mfungaji kamera wa mji wa Margilon, alikuwa mkali kwa jambo moja: waya wa umeme na waya wa mtandao wa kamera hazilazwi bomba moja. "Umeme unachafua picha! Ufundi umesomea wapi, jikoni?" alinifokea mimi mwanafunzi wake siku nilipokosea, tena mbele ya mteja.

Lakini alipofunga kamera uani kwa mama yake, Bi Hosiyat, mama alisimama mbele ya drili. "Tundu moja linatosha! Ukuta huu kaukandika baba yako kwa mikono yake, wewe unataka kuugeuza chujio?" Zokir akacheka, akapitisha nyaya zote mbili humo humo.

Kisha akaenda kufanya kazi Tashkent. Kama ilivyo desturi kwetu mtu akisafiri, kabla ya kutoka aliung'ata mkate mara moja, na mama akautundika ukutani umngoje arudi aumalize. Kila asubuhi Bi Hosiyat aliuinua mbele ya kamera, mwanawe aone kwenye simu yake kwamba bado upo. Pampu ya maji ikiwaka, picha ilikatikakatika.

"Nikirudi nitatoboa tundu la pili," Zokir alisema.

Akarudi kumzika mama.

Katika rekodi ya mwisho mama anainua mkono, na pampu inavuta maji. Picha yote imevurugika. "Hebu niambie wewe," Zokir aliniuliza, "pale ameshika mkate, au ananiita?"

Niliirudisha rekodi nyuma, tukaitazama tena.

Juzi alitoboa tundu la pili. Sasa picha ni safi kabisa: alama za meno yake kwenye ule mkate, alioutundika mbele ya kamera bila kuumaliza, unaweza kuzihesabu.