Kulinda Sawahil

Mwanangu alipotuletea habari ya kazi, mama yangu alikuwa amekaa ukumbini na sahani ya tende.

"Bibi, nimepata kazi, alhamdulillah. Khafar as-sawahil!"

Mama akairudisha tende sahanini. Kwa Kiarabu maneno hayo ni walinzi wa pwani, basi. Lakini kwa watu wa umri wake hapa Ibra, Oman, Sawahil ni pahala pamoja tu: kule tulikotoka, Unguja na pwani yote ya Afrika. Alichosikia yeye ni kwamba mjukuu wake anakwenda kushika bunduki kule alikokimbia bunduki.

"Wanampeleka Sawahil?" aliniuliza. "Na wewe mamaake umekaa tu?"

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Tangu hapo shikamoo za kijana aliziitikia kwa kichwa. Kwetu kijana hatoki kwenda kuanza maisha bila radhi za bibi yake, na huyu alitakiwa kuripoti kituo cha Sur, huko pwani, siku ya Jumapili. Na mimi niliyejifanya mjuzi, roho yangu ilikuwa juu juu. Sisi watu wa bara, mbali na bahari, maji tuliyoyazoea ni ya falaji, mfereji wa mashamba, yasiyofika magotini. Kuogelea kwenyewe mwanangu alijifunzia kwenye bwawa la hoteli.

Alhamisi nilichoka na kununa kwa mama, nikamwambia mwanangu amweleze bibi yake kazi yenyewe ni nini. Akachukua kokwa za tende, akazipanga kwenye sinia, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha.

"Hii makao makuu, Maskati. Hizi vituo, pwani yote ya Oman, bibi, Oman tu. Kila kituo ina chumba ya redio, watu wanasikiliza mchana na usiku. Mvuvi akipotea, wao wanatuma boti."

"Hilo si ndilo jeshi?" nilimuuliza.

"La, mama. Jeshi la majini ni ya vita. Sisi polisi. Tunaangalia ruhusa ya wavuvi, tunakamata magendo, mafuta ikimwagika tunakwenda. Na tunaokoa watu."

"Na kwenye boti mna nani?"

"Nahodha, fundi wa injini, mtu wa redio. Mimi mdogo, nashika kamba."

Wa kamba ndiye wa kwanza kutumbukia, nikawaza.

Mama akasogea karibu. Akachukua kokwa moja, akaiweka ukingoni mwa sinia, mbali na nyengine zote.

"Na hiki chombo hakina ruhusa. Mna watu ndani. Utawafanya nini?"

Mwanangu alinitazama. "Tunawazuia, bibi."

"Mie nilikuja hivyo. Mamaako nnaye kifuani, ananyonya. Tulipoona boti ya serikali inatujia, tulilia sote."

Nilitamani aseme uongo wowote wa kumpoza. Hakusema. "Kwanza tunawapa maji, na mgonjwa tunampeleka kwa daktari. Halafu wakubwa wanaamua. Si mimi."

"Na mkiwakaribia, mnawaambia nini?"

"Tunawaita kwa spika. Kwa Kiarabu."

"Mie Kiarabu sikuwa nakijua," alisema mama, akainuka akaenda chumbani kwake.

Jumapili mwanangu alimbusu mkono na kichwa. Mkono alipewa, radhi hakupewa. Niliisindikiza gari kwa macho hadi ilipokata kona, nikarudi ndani nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Tangu siku hiyo kila upepo uliotikisa mitende ulinisimamisha dirishani, na simu nikawa naingia nayo mpaka jikoni.

Ikalia siku moja, baada ya sala ya alasiri, nikaifungua sauti ili mama naye asikie.

"Mama, niko kwenye boti, mkubwa kaniruhusu kupiga. Tumekuta boti ya uvuvi imekufa injini. Watu wake wa Sawahil. Wanaona unifomu zetu wanaogopa, mmoja kapanda ukingoni anataka kujirusha. Mama, 'usiogope' kwa watu wengi nasemaje?"

Nalijua neno hilo tangu utotoni, nikafungua mdomo nilitamke. Mama akaninyang'anya simu.

"Ipeleke mbele ya hiyo spika yenu," alisema. Kisha akapaza sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, "Msiogope, wanangu! Msiogope! Huyo mwenye kamba ni mjukuu wangu. Mpeni mkono!"

Tukasikia upepo, injini, na watu wakisemezana. Nilishika ukingo wa meza. Kisha ikaja sauti ya mwanamme, ya mbali, imekauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mama, na machozi yakimtoka. Akaisogeza simu karibu zaidi na mdomo, amwambie mjukuu wake. "Radhi zangu unazo. Washushe botini mwenu polepole."