Mafuta Meusi ya Kanisa

Siku ile tulikuwa tunapaka kanisa. Kijijini kwetu, milimani Kivu Kusini, kila kiangazi kila familia ilipaka ubao wake. Wetu ulikuwa wa mlangoni. Kanisa lilijengwa kwa mbao tupu na pasta mmoja mzee kutoka Norvège, kule Ulaya, kabla Baba hajazaliwa. Aliwaambia babu zetu kwamba kijijini kwao kanisa la mbao limesimama karne nyingi kwa sababu watu hulipaka lami ya miti. Sisi lami hiyo tungeipata wapi? Tulipaka mafuta machafu ya gari, tuliyoomba kwa madereva wa malori ya sokoni. Mchwa hawakuyapenda hata kidogo.

Baba alikuwa mweusi mpaka viwikoni, anaimba.

Wenye bunduki walitokea nyuma ya migomba.

"Weye, fundi ya motokari, kuya huku!"

"Mimi ni mulimaji, chef. Haya mafuta ni ya kanisa."

Walicheka. "Kanisa yenu iko na moteri?"

Lori lao lilikuwa limekufa njiani. Wakamchukua Baba, mtu ambaye hata baiskeli ilimshinda.

Hakurudi.

Tulikimbia, kanisa likiwa limepakwa nusu. Baadaye tulisikia limechomwa. Nadhani mafuta yetu yalisaidia kuliwasha.

Sasa tuko Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Kanisa letu la hapa nalo ni la mbao, na mchwa wameanza kulila kutoka chini. Wengine walisema libomolewe, tujenge la udongo. Nilikataa. Mimi naota wajukuu wangu wakifungia ndoa humo, na hata mume sijapata! Lakini Mama, tangu siku ile, akisikia harufu ya mafuta ya gari hutapika.

Nilikwenda Mbarara, kwenye gereji moja ya Biharwe. Fundi aliuliza mafuta machafu ni ya gari gani. Nikamwambia ni ya kanisa.

"Eh, nyabo! Kanisa yenu iko na injini?"

Niliweka dumu chini. Mtoto wa watu alikuwa anatania tu, hakujua lolote. Nikavuta pumzi.

"Iko nayo. Jaza dumu."

Jumamosi tulipaka. Mama alikaa mbali, kitenge puani. Nilipofika mlangoni, alisimama akaja.

"Hii ubao uniachie."

Hatujui Baba amelala wapi. Kaburi la kupalilia hatuna. Mama alichovya kitambaa, akaanza chini, polepole. Katikati alikwenda kichakani kutapika. Akarudi, akaumaliza.