Sauti ya Kaka Ndani ya Simu Iliyopondwa

Nyumbani kwetu Songo, hapa Uvira, niliweka sheria moja, na mpaka leo naiona kuwa sheria nzuri: wakati wa maombi ya jioni, simu zote zinaingia ndani ya kinu. Kinu chetu ni kikubwa, kinasimama karibu na mlango wa jikoni, na kikishaoshwa na kukauka hakina kazi hadi kesho yake. Simu ikiita humo, mlio wake unabaki chini kama mtu anayesemea kisimani. Kwa njia hiyo tuliomba bila mtu yeyote kutazama mapaja yake. Wajukuu waliicheka sheria hiyo, lakini waliifuata.

Jumanne moja tulimaliza maombi na kila mtu akachukua simu yake. Mimi nilibaki nimekaa, kwa sababu kulikuwa na wagonjwa wawili wa kanisa ambao sikutaka kuwaombea haraka haraka. Nilipoinuka chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Nikasahau. Simu yangu ina kifuko cheusi, na chini ya kinu haionekani.

Asubuhi mke wa mwanangu alimwaga majani ya mhogo, yaani sombe, ndani ya kinu, akainua mchi. Mimi nilikuwa uani nakunywa chai. Anayekula sombe tangu utotoni anajua mlio wa mchi ukikuta majani. Huo ulikuwa mlio wa sahani inayopasuka. Akaacha kutwanga, akaingiza mkono, akatoa simu yangu. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka katikati hadi pembe zote, na maji ya kijani yameingia kwenye nyufa.

Akaja akapiga magoti. "Papa, minye nimeua simu yenu."

"Simama, mama," nikamwambia. "Weye umetia sombe mahali pa sombe. Muntu aliyetia simu mahali pa sombe ni minye."

Ningekuwa mtu mwingine, labda ningehuzunikia simu yenyewe. Lakini ndani ya simu ile mlikuwa na kitu kisicho changu. Kaka yangu mkubwa alifariki mwaka jana. Alipoona kwamba hatafika siku ya mahari ya binti yake, aliniomba simu, nikamwonyesha pa kubonyeza ili kurekodi sauti, kisha akanituma nje nifunge mlango. Nilikaa kibarazani nikisikia sauti yake bila kusikia maneno. Aliponiita akanirudishia simu na kusema, "Usiyafungue kabla ya siku yake. Haya ni ya mtoto wangu." Nilishika neno lake kabisa. Sikuyafungua, wala sikuyatia mahali pengine, kwa maana niliona hata kuyahamisha ni kuyagusa. Na siku ya mahari ilikuwa Jumamosi ya juma hilo hilo.

Binti huyo anaishi kwetu tangu baba yake alipoondoka. Alitoka chumbani, akaitazama simu mkononi mwangu, akapiga namba yangu kwa simu yake. Ikaita. Kioo kikabaki giza, lakini ilitetemeka kiganjani kama kifaranga.

"Iko muzima, baba mudogo," alisema. "Haioni tu." Kisha akauliza, "Na sauti ya baba?"

"Iko ndani. Tutaitoa."

Sikujua itatolewaje. Ila nimemtegemea Mungu kwa miaka mingi, na sijazoea kumpa mtoto jibu la nusu.

Mke wa mwanangu hakukubali niende peke yangu. Tulipanda piki mbili hadi Kasenga, kwa fundi wa simu ambaye ni mama mwenye kibanda kati ya washonaji wawili. Aliifungua simu, akainusa, akatucheka.

"Papa, hii munaipika na ndagala ao na nyama?"

"Tumeitwanga tu, mama. Kupika tumekuachia."

Alipomaliza kucheka alitwambia ukweli. Simu ilikuwa nzima, kioo ndicho kilichokufa. Kioo cha aina ile hakikuwepo Uvira, kingetoka Bujumbura juma lijalo. Nilimweleza habari ya Jumamosi na ya kaka. Akaweka bisibisi chini.

"Basi munitafutie muntu mwenye simu kama hii, na akubali niifungue. Nitaazima kioo chake, tutoe sauti, nirudishe. Ila nikikitoa kinaweza kupasuka. Siwadanganyi."

Mke wa mwanangu alifungua pindo la kitenge chake akatoa simu yake. Mwanangu alitununulia simu mbili za namna moja, siku moja, kabla hajakwenda kufanya kazi Lubumbashi. Nilikuwa nimesahau kwamba zinafanana.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Hiyo ndiyo mume wako anakupigia kila Jumapili."

"Papa, mume wangu atanipigia kwa simu ya jirani. Marehemu hana simu ya jirani."

Nimesoma shule ya Biblia na nimesimama mbele ya watu miaka mingi, lakini hapo aliyehubiri ni yeye. Nikampa fundi simu yake. Fundi akawasha kifaa chake cha joto. Niliomba bila kufumba macho, kwa sababu nilitaka kuona. Kioo kilitoka taratibu, kikakwama pembeni, fundi akapuliza, akangoja, akavuta tena. Kikatoka kizima. Akakiunganisha na simu yangu na mwanga ukaja.

"Namba ya kufungua, papa? Na musiniambie ni mwaka wa ubatizo. Wazee wote wa kanisa ni mwaka wa ubatizo."

Nikageuka kutazama cherehani ya jirani.

"Mutaje tu," akasema.

Sauti ilikuwemo. Fundi alisema lazima tuipime tujue haikuharibika, nami nikamruhusu mwanzo tu. Kaka akakohoa, akasafisha koo. "Inatosha," nikasema, na fundi akaizima bila kubishana. Aliihamishia ndani ya kadi tatu za kumbukumbu, kisha akarudisha kioo kwa mwenyewe, nacho kikawaka. Nilimshukuru Mungu palepale, kati ya cherehani mbili zinazolia.

Jumamosi wageni walikuja, vitu vya mahari vikapangwa kwenye mkeka. Kwetu hakuna anayevigusa kabla baba hajamwuliza binti mbele ya watu kama vipokewe. Swali hilo nilijua ni langu sasa, nami nilikuwa nimelitayarisha. Kwanza tukaweka simu ya mke wa mwanangu, yenye kadi moja ndani, juu ya meza, tukafungua sauti.

Kaka alikohoa, akawasalimu wageni, akawashukuru kwa safari yao. Alimbariki binti yake na watoto atakaowazaa. Nikadhani amemaliza, nikaanza kuinuka. Ndipo akasema, "Mwanangu, wageni wameleta vitu. Tuvipokee?"

Halafu kimya. Ilisikika pumzi yake, na kuku mmoja wa uani siku ile. Watu wakatazamana. Mke wa mwanangu alinyoosha mkono aone kama simu imezimika, nikamshika.

Binti alikuwa amepiga magoti mbele ya meza. "Muvipokee, baba," alisema.

Kimya kiliendelea kidogo. Kaka alikuwa amempa nafasi ya kutosha.

"Asante, mwanangu," sauti ikasema. "Basi, mudogo wangu, pokea."

Nikainuka, nikapokea.