Draiva ya Mwalimu wa Masagati

Ipo Jumatatu moja ya masika ambayo sijaisahau, mwanangu. Nilikuwa dukani Ifakara nikichapa ratiba ya ibada ya mazishi ya watu, na kichwani nimejaa sifa zangu mwenyewe pomoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mchana nilikuwa binti wa stesheneri: fotokopi, picha za pasipoti, barua za maombi ya kazi. Jioni, nyumbani Lipangalala, nilikuwa mmoja wa wanaojitolea kutunza mfumo wa kompyuta wa programu huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuuchukua bure, kuufungua na kuurekebisha. Hatukuwahi kuonana. Tulijuana kwa barua pepe na kwa vijina tulivyojipachika. Kila mmoja alitunza kifurushi chake cha programu, na vifurushi vyote vilikaa kwenye ghala moja mtandaoni, ambako watumiaji huchukua masasisho.

Msimu ule ndio mara ya kwanza nilipewa kuratibu draiva za skrini. Draiva ndiyo inayoiwezesha kompyuta kuchora kitu kwenye skrini. Isipopatana na programu wenzake, kompyuta inawaka lakini wewe unatazama giza. Maktaba mpya ya michoro, yaani mkusanyo wa misimbo ya kuchorea ambao draiva huutegemea, ilikuwa imefika, na draiva zote sita zilipaswa kuundwa upya kuifuata, kisha zitoke siku moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ya mratibu ni rahisi kuisema: waandikie watunzaji sita, ngoja kila mmoja aseme yuko tayari, ndipo ufungue ghala watumiaji wachukue.

Watano walijibu ndani ya siku mbili. Wa sita, mtunzaji wa draiva ya kadi za skrini za zamani, alikaa kimya. Alijiita Kapi, na kwa Kiingereza chake kilichonyooka nilishaamua kuwa ni mzungu fulani mzee, anakula pensheni yake mahali penye baridi. Siku ya tano, Ijumaa, subira iliniisha nikafungua ghala bila yeye. Wala sikuishia hapo. Niliandika mbele ya wote kwamba asiyeweza kwenda na wakati awapishe wenye kasi, na nikapendekeza draiva yake iondolewe kabisa. Mwenye kupinga aseme kabla ya Jumatano.

Najua unataka kuniwahi na “haraka haraka haina baraka.” Tulia. Na mimi niliijua tangu darasa la tatu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kuijua methali si kazi.

Basi Jumatatu hiyo akaingia mzee mmoja, matope hadi magotini, amekumbatia mfuko wa salfeti. Ndani ya mfuko mlikuwa na kompyuta iliyofungwa kwenye kanga.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi. Hii inawaka, lakini tangu juzi haionyeshi kitu.”

Niliiunganisha na skrini ya dukani. Feni ikavuma, skrini ikabaki nyeusi. Nikafungua kasha, nikaiona kadi yake, nikatabasamu kama daktari anayejua yote. “Mzee wangu, kadi hii imepitwa na wakati. Hata mtu anayeitunza draiva yake ameshachoka. Tafuta mashine nyingine.”

“Hajachoka,” alisema taratibu. “Ndiye mimi.”

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke.

Alikuwa Mwalimu Kaspari, anafundisha sekondari huko Masagati, mbele ya Mlimba, ambako mtandao ulikuwa haujafika. Kila Jumamosi alishuka Mlimba kusoma na kutuma barua. Habari za maktaba mpya alikuwa amezisoma wiki iliyotangulia, akaiunda draiva yake kwa umeme wa sola wa shule, akashuka nayo kwenye flashi imekamilika. Mashine yake, aliyoshuka nayo Mlimba, ikajisasisha yenyewe huku yeye akiisoma barua yangu, na alipoiwasha tena ili aitume draiva, giza. Chini ya barua zangu nilikuwa naweka jina langu halisi na mji kwa mbwembwe, na Ifakara haikuwa na mabinti wengi wa kompyuta. Akapanda treni. Shuleni kwake kulikuwa na kompyuta nane za kupewa, zote za kadi ile. Draiva ikiondolewa, wanafunzi wake hawakuwa na nyingine.

Nilingoja kufokewa. Yeye aliomba maji, akanywa, akafuta midomo.

“Ulipiga hodi vizuri, tena kwa adabu,” alisema. “Nisipoitika, piga tena. Uliza jirani. Rudi kesho. Lakini wewe, mwanangu, ulivunja mlango.”

Nililia palepale mbele ya wateja. Nikamwomba radhi.

“Mimi umeshaniomba,” alisema. “Wapo wengine walio gizani tangu Ijumaa. Hujui ni wangapi, na mimi sijui.”

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Tulichomeka flashi yake kwenye mashine yangu, tukaikagua draiva, tukaituma ghalani. Kisha nikawaandikia wote: kosa ni langu, nilifungua mapema, pendekezo langu nalifuta. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu akaomba kibodi. Nikajua sasa ananisema. Akaandika kwa vidole viwili, chini ya barua yangu, kwamba draiva yake iko tayari na kwamba anamshukuru mratibu kwa kumsubiri.

“Lakini Mwalimu, mimi sikukusubiri.”

“Utasubiri,” alisema, akaanza kuifunga kompyuta yake kwenye kanga.

Nimeratibu miaka mingi tangu siku hiyo, na nilisubiri. Angeweza kuniaibisha kwa sentensi moja nikaacha kazi hii moja kwa moja; badala yake alinipa sifa ambayo sikuwa nayo, nikaona haya kutoistahili. Ameshatangulia mbele ya haki, na shukrani yangu kwake haijapungua hata chembe.

Sasa zamu ya kuratibu ni yako. Nakuusia: kimya cha mtu usikigeuze kuwa ridhaa, wala uvivu. Jua kila mtunzaji yuko wapi, anapata mtandao siku gani, na nani anaweza kumfikia ukimkosa. Kompyuta mpya zina watetezi wengi. Wewe kabla ya kufungua ghala, ulizia zile za zamani. Na ukikosea, kiri mapema, kwa jina lako.

Draiva ya Mwalimu siku hizi naitunza mimi. Macho yanataka miwani, mgongo unauma, na barua zako nazijibu siku ya nne, pengine ya tano. Nipo, mwanangu, ila nachelewa.

Mungu akujalie mikono myepesi na moyo mpana, na siku utakapochelewa wewe, akupe mtu wa kukungoja.