Joho la Elidadi

Hogla, mfumaji wa Tirza, mji wa wafalme wa Israeli, alikuwa mwoga tangu utotoni, na mimi simlaumu. Katika mji ule, mwenye akili zake angekuwa nini kingine? Alipokuwa mwali aliona jamaa yote ya mfalme wa wakati ule ikichinjwa. Sasa ana mvi, na mfalme Ela, aliyetawala miaka miwili tu, ameuawa akiwa amelewa chakari. Zimri aliyemuua akakalia kiti chake damu haijakauka.

Baragumu ilipolia, wanaume walikimbilia ngazi za ikulu kumtandikia mfalme mpya majoho yao ayakanyage, kama ilivyo desturi. Mumewe Hogla, Elidadi, mwoka mikate mwenye kiherehere, alikuwa wa kwanza kulilaza lake. Lilikuwa jekundu, lenye pindo la buluu ambalo mji mzima ulilijua. Akarudi nalo lina alama ya kiatu cha mfalme.

"Baba Noa, lete nilifue," Hogla akamwambia.

"Thubutu! Hii ni baraka, mama."

Jirani yao Sera akachungulia ukutani akicheka. "Mumeo huyo, hata mbuzi akivikwa taji atamtandikia!"

Siku ya sita jeshi la Israeli, lililomkataa Zimri, likauzingira mji, limeshamtawaza jemadari wake, Omri. Siku ya saba likaingia, na Zimri akajichoma moto ndani ya ikulu. Hogla aliuona moshi. Watu wa Omri wangeanza na nani, kama si yule aliyekuwa wa kwanza kumtandikia msaliti? Bila kumwambia mtu, akalisukuma joho ndani ya tanuri la mikate, akalikandamiza kwa mti mpaka likawa majivu. Hapo ndipo alipoweza kupumua.

Adhuhuri baragumu ikalia tena, safari hii langoni kumlaki Omri, maana ikulu ilikuwa bado inaungua. Wanaume wakatoka mbio na majoho yaleyale, mengine yana matope ya viatu vya Zimri, wala hakuna aliyeuliza. Elidadi akaingia ndani kulitafuta lake.

"Mama Noa, joho langu liko wapi?"

"Nimelichoma."

"Umefanya nini?"

"Niliogopa watakuua!"

Elidadi alimtazama, akatoka na kanzu tupu. Hogla akamfuata.

Akida mmoja alikuwa akiukagua mstari wa majoho, mkuki mkononi. "Wewe! Lako liko wapi? Au unamlilia yule wa jana?"

Hata Sera, asiyekosa neno, aliinamisha kichwa. Hogla alitaka kupiga kelele kwamba kosa ni lake, lakini sauti haikutoka. Jambo hilo hakujisamehe kamwe.

Elidadi akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi juu ya mawe, katikati ya majoho ya majirani.

"Nikanyage mimi, bwana wangu."

Akida akacheka, akamkanyaga. Walio nyuma yake wakamkanyaga pia, kikosi kizima, na Hogla akasimama palepale akiangalia.

Jioni Hogla alikuwa akimpaka mumewe mafuta mgongoni, Sera alipoingia bila hodi. Safari hii hakucheka.

"Mmesikia? Nusu ya Israeli wamemkataa Omri. Wanamtaka Tibni awe mfalme."

Elidadi alikuwa amelala, uso ameuzika mkekani.

"Mama Noa," akasema, "anza kufuma. Anza sasa hivi."