Mfuko wa Michembe Uliokwenda Lamadi

Enzi zetu, ukisikia mtu anakwenda Lamadi ziwani, unamuaga kama anayehama nchi. Leo mjukuu wangu Neema anakwenda asubuhi kula samaki na kupiga picha, mchana yuko nyumbani anauliza kimepikwa nini. Sisi tulitumia siku nne kwenda tu. Nitawaambia siku hizo zilikwenda wapi, maana mimi Minza shule niliishia darasa la tatu na hesabu za kugawanya zilinishinda, lakini jina la mtu halijawahi kunitoka kichwani. Hata la basi.

Basi lilikuwa moja tu, na sisi watoto wa Nkololo tuliliita Ng'ombe Mzee, kwa sababu likichoka linalala popote lilipo. Dereva wake aliitwa Sitta, kijana mrefu aliyeendesha huku kichwa kikigusa bati. Konda aliitwa Luhende. Yeye alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele na filimbi shingoni, akiipuliza filimbi ile mate yanakufikia mpaka kiti cha nyuma.

Mwaka huo Shangazi Ngolo, dada yake baba aliyeolewa na mvuvi wa Lamadi, alileta salamu kwamba ana mimba na samaki hataki hata kuwasikia. Fikiria mtu anaishi katikati ya samaki, mume ananuka samaki, mlango unanuka samaki, naye akiwaona anakimbilia nyuma ya nyumba. Alichotamani ni michembe ya nyumbani, basi. Nyie wajukuu mnaotafuna viazi vya kwenye mifuko inayopiga kelele, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vyembamba, vikaanikwa juu ya mawe mpaka vikawa vikavu kama magome. Vinachemshwa ndipo vinaliwa. Lakini mtoto mwenye njaa hangoji sufuria.

Mama alijaza michembe kwenye mfuko wa salfeti mpaka ukasimama wenyewe. Aliyepewa kuupeleka ni Bibi Kwandu, mama yake baba, ambaye ndiye mama mzazi wa Shangazi Ngolo. Bibi Kwandu alikuwa hajaliona ziwa maisha yake yote, na alitaka kuliona kabla macho hayajamwishia nguvu. Mimi na Kulwa, binti wa baba mdogo, tuliruhusiwa kumsindikiza kwa sababu shule ilikuwa imefungwa. Baba akasema tuondoke Alhamisi na Jumapili tuwe njiani kurudi, maana Jumatatu tunaanza kuchuma pamba na pamba haisubiri mtu aliyekwenda kuoga.

Kabla ya kuondoka, Bibi Kwandu alichukua sindano ya magunia akaushona mdomo wa mfuko kwa mikono yake. Akafunga fundo lake mwenyewe, akatuita.

"Mmeliona fundo hili?"

"Tumeliona, Bibi."

"Mfuko huu ni wa mama mjamzito. Atakayeugusa, ziwa ataliona kwa macho tu. Atakaa mchangani kama mjusi, wenzake wanaoga. Mmesikia?"

Tulisikia. Mimi nilikuwa nimeota ziwa wiki nzima, na kwenye ndoto nilikuwa naogelea kama bata. Kukaa mchangani kama mjusi ilikuwa adhabu kubwa kuliko fimbo.

Tulitembea kutoka Nkololo tangu alfajiri, tukafika Bariadi, tukaambiwa basi linaondoka sasa hivi. Sasa hivi ya Luhende ilikuwa mpaka basi lijae, na kujaa kwake ilikuwa mpaka mlango ukatae kufunga. Tuliondoka jua limeshapita kichwani. Watoto hatukukatiwa tiketi, kwa hiyo tulikaa chini, miguuni pa Bibi, na mfuko ukawa katikati ya miguu yake. Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Fundo lilikuwa juu kabisa kwenye magoti ya Bibi. Sisi macho yetu yalikuwa sawasawa na pembe ya chini ya mfuko, na kwenye pembe ile kulikuwa na uzi umelegea.

Kulwa akaniangalia. Nikamwangalia.  Kidole chake kikaingia, kikatoka na kipande kimoja.

"Kimoja tu," akaninong'oneza. "Shangazi hahesabu."

Mchembe mkavu, ukiuweka mdomoni, mwanzoni ni kama unalamba ukuta. Halafu unalainika na utamu unakuja taratibu. Tulikula kimoja kwa ajili ya pancha ya kwanza, ambayo Luhende aliitengeneza kwa kushindilia majani makavu ndani ya tairi. Tulikula viwili kwa ajili ya pancha ya pili. Bibi Kwandu alikuwa ametazama dirishani, mdomo wake unatafuna tafuna. Wazee wa siku zile walikuwa hivyo, wanatafuna hata kama hakuna kitu, kwa hiyo hatukujali.

Tulipofika Dutwa, Sitta akasimamisha basi mbele ya mji wa mzee mmoja wenye zizi kubwa. Akavua shati la mafuta, akavaa jeupe.

"Abiria wangu, naomba mnivumilie kidogo. Hapa ni ukweni kwangu."

Mwanamke aliyekuwa na debe la mafuta akauliza, "Ukweni tangu lini? Mke unaye?"

"Ndiyo nakwenda kumwomba sasa hivi, mama."

Basi zima likapiga kelele. Wengine walitaka kushuka watembee kwa miguu. Sitta akaeleza kwamba wazee wake walioahidi kuja kumposea wamepata msiba, na baba wa binti amesema asipokuja leo na watu wazima, asirudi tena. Bibi Kwandu akainuka na fimbo yake.

"Mama yako yuko wapi?"

"Ndiye aliyefiwa."

"Haya. Leo mama yako ni mimi. Luhende, wewe ni mjomba, funga mdomo pengo lisionekane. Na nyie wanaume wenye makoti, shukeni mje muwe baba zake."

Walishuka wanaume wanne wenye makoti, na mmoja alikuwa ameazima koti la jirani yake wa kiti. Wakaingia wakisalimu kwa heshima, "Mwadila, mwadila," wakapewa vigoda. Baba wa binti akataja ng'ombe wengi mpaka Luhende akasahau akafungua mdomo. Bibi Kwandu akaanza kulia machozi ya kweli kabisa, anasimulia alivyomlea Sitta kwa shida tangu akiwa mchanga, alivyombeba mgongoni akiumwa surua. Kijana alikuwa amemfahamu tangu asubuhi ile! Ng'ombe wakapungua, wakapungua tena, mpaka wakafika mahali pa binadamu. Yule binti aliitwa Nyamizi. Walizaa watoto tisa, na wote walikua wakimwita Bibi Kwandu bibi yao, hakuna aliyewaambia habari ya basi.

Lakini posa ya Kisukuma haiishi kwa dakika kumi. Wakubwa wakachinjiwa mbuzi. Sisi watoto tukapewa mchuzi uliopita karibu na mbuzi. Tukarudi kwenye pembe yetu ya mfuko, na tukalala Dutwa.

Ijumaa tukaondoka tukiimba, na kabla wimbo haujaisha Ng'ombe Mzee akalala kwenye korongo la mchanga. Wanaume wakasukuma, wanawake wakakata matawi, Sitta akakanyaga mafuta kwa hasira ya mtu aliyepata mchumba. Chini kitu kikalia, ka! Ekseli imekatika. Luhende akaazima baiskeli kwa watu wa pale, akarudi Bariadi kutafuta ekseli nyingine. Tulimsindikiza kwa macho mpaka akawa kitone. Tulimwona tena Jumamosi jioni, ekseli imefungwa kwenye baiskeli kama mgonjwa.

Siku mbili hizo tulikaa kwa mama mmoja mwema wa hapo jirani, jina lake Holo. Alikuwa na moyo mkubwa na sufuria ndogo, na abiria wengi walikuwa wamemjazia uwanja. Njaa ikauma. Kila nikijisogeza kwenye mfuko namkuta Bibi ameulalia kama mto. Akiamka kwenda kujisaidia, vidole vyetu vinaingia. Jumamosi mchana Kulwa alipoubonyeza mfuko ukanywea kama tumbo la mbwa.

"Minza," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Tumemliza Shangazi."

Nikalia. Nililia kwa ajili ya Shangazi kidogo, na kwa ajili ya ziwa zaidi. Nilijiona mchangani, mkavu, mjusi kabisa. Kulwa hakuwa mtu wa kulia. Nyuma ya jiko la Mama Holo kulikuwa na lundo la magunzi ya mahindi ya kuwashia moto. Tukayasukuma ndani kupitia pembe yetu, moja moja, mpaka mfuko ukasimama tena, tukakaza uzi kwa mwiba. Nilishangaa mfuko ulivyojaa haraka kuliko tulivyokula, lakini mtoto akiokoka hachunguzi. Jioni niliona pia kwamba kaniki kuukuu aliyojifunga Bibi kiunoni haipo. Nikadhani ameifua.

Jumapili asubuhi basi likapanda kilima cha mwisho. Mbele yetu kitu kikang'aa.

"Kulwa, ona mabati ya watu."

"Mabati gani hayo yasiyo na mwisho?"

Bibi Kwandu akakinga macho kwa mkono. Akasema, "Maji yote haya, na ng'ombe wetu wanakufa kiu." Akapenga kamasi, akageuza uso ili tusimwone.

Luhende akapuliza filimbi, akatangaza kwamba basi linageuza saa nane, asiyekuwepo atarudi na miguu yake. Kwa hiyo likizo yetu yote ya ziwani ilikuwa nusu siku. Shangazi Ngolo alikuwa amesimama barabarani na tumbo lake mbele. Alikuwa akija hapo kusubiri tangu Alhamisi. Hakutusalimia vizuri, macho yake yote yalikuwa kwenye mfuko.

Mumewe alikuwa bado ziwani, nyumba ilikuwa yetu. Shangazi akakaa mkekani, akakata fundo la Bibi kwa kisu. Mimi nikashika mkono wa Kulwa. Shangazi akaingiza mkono kwa juu, na hapo nikajua bado tuko salama, maana magunzi yako chini.

Shangazi akavuta. Ikatoka kaniki.

Akaendelea kuvuta, ikaendelea kutoka, kaniki nzima nyeusi ya Bibi Kwandu, imekunjwa vizuri kama mtoto mchanga. Chini yake michembe kama kibaba kimoja. Chini ya michembe, gunzi. Na gunzi. Na gunzi.

 Shangazi akashika gunzi mkono huu na kaniki mkono huu.

"Mama, hii kaniki naijua. Nilibebwa nayo mgongoni. Magunzi haya ndiyo siyajui."

Bibi Kwandu akatutazama. Sisi tukamtazama. Nikaelewa kwa nini mdomo wake ulikuwa unatafuna toka Bariadi, na kwa nini fundo lake lilikuwa juu, kwenye magoti, mahali anapoweza kulifungua na kulifunga tena bila mtu kuona.

"Ni panya," akasema Bibi, bila aibu hata kidogo. "Lile basi lina panya. Mmoja mzee na wawili wadogo."

"Na sheria ya panya ilikuwa nini?" akauliza Shangazi, aliyejua mama yake hafungi fundo bila kuweka sheria.

 Ikabidi nijibu mimi, kwa sauti ya chini. "Asiguse ziwa. Akae mchangani kama mjusi."

Niliona uso wa Bibi Kwandu ukibadilika. Alikuwa amesafiri siku nne, amemposea mtu mke, amelala juu ya mchanga, na ziwa lilikuwa linasikika pale nyuma ya nyumba, linapiga shwaa, shwaa. 

Shangazi Ngolo akajaribu kukasirika. Tumbo ndilo lililomsaliti, lilianza kuruka lenyewe kwa kicheko, halafu na yeye akafuata, akacheka mpaka akalala chali na kushika mbavu.

"Sheria naifuta, naweka adhabu," akasema akipumua kwa shida. "Lile pipa langu la maji ni tupu. Mtalijaza nyie watatu kabla basi halijaondoka. Na maji ya ukingoni yana matope, siyataki. Ingieni mbali."

Tulishika ndoo tukakimbia, na Bibi Kwandu akatupita na fimbo yake. Aliingia na nguo zake zote, akakaa kwenye maji kama anayekaa kwenye kigoda, mawimbi yanampiga kifuani, anacheka peke yake. Sisi tulikuwa na kiu ya siku nne, tukayanywa maji yale kama ng'ombe. Basi, michembe mikavu ikikutana na maji tumboni inaumuka. Kulwa akavimba kama andazi, akaelea bila kufundishwa na mtu. Mimi nikaelea pembeni yake, natazama mawingu, naumwa tumbo, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tena. Pipa halikujaa mpaka filimbi ya Luhende ilipolia. Shangazi alichemsha kile kibaba kilichobaki, akakila amefumba macho, hakumpa mtu. Mtoto aliyezaliwa alipewa jina la babu yake, lakini hakuna anayelitumia. Mpaka leo anaitwa Magunzi.

Mwezi uliopita nilimwambia mjukuu wangu Limbu anipeleke kwa gari lake kumwona Magunzi, naye sasa ni mzee mwenye mvi. Nikajaza mfuko wa michembe, nikaushona kwa fundo la Bibi Kwandu, nikauweka kwa makusudi miguuni pa Neema na watoto wenzake. Lami tupu. Vioo vimefungwa, upepo wa baridi unatoka kwenye matundu, watoto wameinamia simu. Neema akalalamika, "Bibi, simu ilisema safari itachukua saa moja na dakika tano, sasa tumezidisha dakika nne." Dutwa ilipita nikiwa natafuta miwani. Nilitaka kuwaonyesha lile korongo, nikaambiwa tumeshalivuka, lina daraja. Nilichungulia pembe ya mfuko mara mbili. Uzi ulikuwa mzima. Hakuna kidole kilichoingia, hata changu hakikupata nafasi.

Magunzi akaupokea mfuko mlangoni. Akaupima mkononi, akaubonyeza juu, akaubonyeza chini, akanitazama kwa wasiwasi wa kweli.

"Dada Minza," akasema, "huu umejaa. Kwani njiani mligombana?"