Kitambaa cha Kumi

Bunduki ikishapigwa, inasafishwa mara ngapi? Muulize Mama Ghala kama una muda wa kupoteza, maana hatakuachia mpaka ujue yote. Mara tatu, atakwambia. Siku ileile ya kupiga, kesho yake, na kesho kutwa. Kwa nini? Kwa sababu masizi ya baruti hayatoki yote kwa mkupuo mmoja. Leo unafuta, unaona mtutu unang'aa, unajipongeza. Kesho ukichungulia, masizi mengine yameshajitokeza, na kutu inanyemelea nyuma yake. Hapo atakukazia macho kana kwamba kutu hiyo umeileta wewe.

Kituo chao cha askari wa wanyamapori kilikuwa na bunduki kumi na mbili, na kwa miaka kumi na tisa zote zilipita mikononi mwake, yeye mtunza ghala la silaha. Utani haukuisha. "Mama, bunduki unazihudumia kuliko mumeo," dereva wa kituo alipenda kumwambia. Naye hakukawia kujibu: "Mume wangu halipuki." Mkuu wa kituo yeye alilalamikia mafuta ya bunduki yanayoisha upesi. Mama Ghala alimwacha alalamike.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulisema ovyo. Bunduki namba saba ilibebwa na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Mama alipofariki, mtoto huyo alikuwa na miaka mitano tu. Dada ndiye aliyemwogesha, akampeleka shule, akamchapa alipotoroka, na mwishowe akamtafutia kazi hapohapo kituoni. Kazi ya bunduki, jamani, kwa mtoto uliyemlea mwenyewe! Kila doria ilipotoka alikosa raha mpaka irudi.

Sasa sikia. Jumatatu askari walikwenda kupiga shabaha. Jumatatu hiyohiyo akasafisha, Jumanne akasafisha, Jumatano akaanza tena. Utaratibu wake ni huu: kila bunduki huikatia vipande kumi vya kitambaa, akavipanga mezani. Kila kipande hukisukuma mtutuni kwa ufito, na kikitoka hukitupa kwenye kopo lenye namba ya bunduki hiyo. Akimaliza anahesabu. Kumi vimeingia, kumi vitoke. Jumatano hiyo alikuwa kwenye namba saba, ufito umo ndani ya mtutu, mkuu akaita: "Mama! Hebu njoo!" Ni mafuta tena. Walibishana mpaka jasho likamtoka. Aliporudi alikuwa amefura, akauvuta ufito kwa hasira, akarudishia bolti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, akaitundika namba saba mahali pake na kushika namba nane. Kopo hakulihesabu.

Alhamisi asubuhi habari zilikuja kwamba nyati wameingia mashambani. Doria ikatoka kwenda kuwafukuza kwa kupiga risasi hewani. Mama Ghala alibaki ghalani akimwaga makopo. La saba lilikuwa na vitambaa tisa. Akahesabu tena: tisa. Akalipindua kopo, akaligonga kitako, akapiga magoti kutafuta chini ya meza. Hamna kitu. Risasi ikikuta mtutu umezibwa, mtutu unapasuka, na aliyeegemeza shavu lake pale ndiye anayeumia.

Alikimbilia redio. Inakoroma tu, huko mashambani haishiki. Akakimbilia uani, dereva amekaa na kikombe.

"Washa gari."

"Mama, hii chai hata sijaionja."

"Washa gari nimekwambia!"

Uso wake ulimfanya dereva amwage chai. Njiani Mama Ghala hakutulia hata dakika moja. Mara ashike mlango, mara aache, miguu inakanyaga sakafu ya gari kana kwamba breki na mafuta viko upande wake. "Kimbiza!" "Nakimbiza, mama." "Huku ndiko kukimbiza?" Alijitukana kimoyomoyo. Hesabu ndogo vile, mtoto wa chekechea anaiweza, yeye imemshinda kwa sababu ya hasira.

Walipofika ukingoni mwa mashamba, mlio ukasikika. Mmoja. Alifungua mlango gari likiwa bado linatembea, akaanguka, akainuka, akakimbia katikati ya mahindi huku akipiga kelele, "Usipige! Usipige!"

Aliyepiga alikuwa kiongozi wa doria. Mdogo wake alisimama pembeni yake, namba saba imeshapakiwa, imeshainuliwa, kidole kinatafuta mahali pake. Aliposikia sauti ya dada aliishusha.

Mama Ghala aliichukua bila salamu. Akatoa risasi, akachomoa bolti, akainua mtutu na kuchungulia mbinguni. Badala ya duara la mwanga aliona giza. Akaupitisha ufito wa akiba, uliokaa garini siku zote, na kitambaa kikadondoka miguuni mwao kimelowa mafuta.

Ndipo woga ukageuka hasira. "Kwa nini hukuchungulia? Siku yako ya kwanza nilikufundisha mimi mwenyewe! Hupakii risasi kabla hujaona mbingu kupitia mtutu!"

Mdogo wake alitazama buti zake. "Bunduki ikitoka kwako, dada, hatuchungulii."

"Hamchungulii? Nyinyi akina nani?"

"Sisi sote," alisema kiongozi wa doria. "Ya nini, mama? Si umeshaisafisha mara tatu?"

Walidhani wanamsifu. Akakaa juu ya tuta.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mdogo wake akafikiri kidogo. "Tangu nianze kazi," alisema. Ilikuwa miaka sita.